Uhuru ungeulipia kwa nini, na nani angelipa pamoja nawe?

Mwalimu wa Historia ameandika:

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha historia sekondari. Wiki hii tupo kwenye harakati za ukombozi, na badala ya kuwakaririsha tarehe nikaona niwape kitu cha kufikiria. Nikagawa vipande vya karatasi, hakuna kuandika jina, kila mmoja aandike jambo moja tu: yuko tayari kutoa nini ili awe huru. Nilipozikusanya nikaanza kuzisoma kwa sauti, karibu zote zikawa zinasema kitu kilekile. Uhai wangu. Uhai wangu. Wengine wamepiga mstari chini yake. Wachache waliandika mali, mmoja akaandika usingizi. Halafu nikafungua moja yenye mwandiko mdogo mdogo: "Sijui, kwa sababu kila nilicho nacho ni cha mama pia."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza habari ya Nyerere, jinsi mwaka 1955 alivyotakiwa achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi yake pale Pugu. Nikawaeleza, wakaelewa vizuri, maana mshahara ni wa mtu na akitaka anauacha. Lakini aliyeandika ile karatasi alikuwa ameshavuka hapo. Kazi ni yangu, naiacha. Amani ya mama yangu je? Nayo ni yangu, niitoe?

Sasa nauliza humu, kwa kuwa najua kuna watu wazima walioona mengi. Wewe ungetoa nini kwa ajili ya uhuru, na kuna kitu usingekitoa hata kwa uhuru? Ningependa zaidi kumsikia aliyewahi kufika kwenye uamuzi huo, au aliyeishi nyumba moja na aliyefika. Majibu nitayapeleka darasani.

Msimamo Mmoja amejibu:

Mwalimu, hao waliopiga mstari wako sawa. Uhai. Ukishaanza kupiga hesabu, hiki natoa na hiki nabakiza, mtawala anakungojea palepale ulipobakiza.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau Kenya, alinyongwa 18 Februari 1957. Steve Biko wa Afrika Kusini alifia kizuizini 12 Septemba 1977 akiwa na miaka 30. Na wapo waliotoa kitu kingine chenye uzito uleule. Januari 1985 Rais Botha wa serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini alimwambia Mandela kwamba atatoka akikana matumizi ya nguvu kama silaha ya kisiasa. Mtu yuko ndani tangu 1962! Akakataa. Jibu lake lilisomwa uwanja wa Jabulani, Soweto, tarehe 10 Februari 1985, na hoja yake ilikuwa kwamba mfungwa hawezi kuingia mkataba, anayeingia mkataba ni mtu huru. Jibu hilo lilimgharimu miaka mitano mingine, akatoka 11 Februari 1990. Wasomee wanafunzi hiyo.

Binti wa Mshonaji amejibu:

Mada hii niliifungua nikaifunga. Nimerudi kwa sababu ya hiyo karatasi ya mwandiko mdogo.

Ndugu Msimamo Mmoja, kuhusu Mandela sikupingi. Alikuwa sahihi kukataa, na mimi ningekuwa mahali pake ningeomba nipewe ujasiri huohuo. Ila rudi kwenye uwanja wa Jabulani umtazame aliyeshika karatasi. Ni binti yake, Zindzi. Alizaliwa Desemba 1960, baba yake akakamatwa Agosti 1962, hajatimiza hata miaka miwili. Kule Robben Island, gereza la kisiwani alikofungwa, mtoto hakuruhusiwa kumwona mzazi wake mpaka afike miaka 16. Miaka ya mwanzo hata watu wazima walipata nafasi moja ya kumtembelea kwa miezi sita, nusu saa, na barua nayo ilikuwa moja kwa miezi sita. Mama yake Mandela alifariki 1968, mwanawe Thembi akafariki kwa ajali ya gari 1969, na kote hakuruhusiwa kwenda kuzika. Mwaka huohuo wa 1969 mkewe Winnie, mama yake Zindzi, naye akakamatwa, akakaa ndani siku 491, sehemu kubwa akiwa peke yake. Mwaka 1977 akahamishwa kwa nguvu kupelekwa Brandfort, na Zindzi akaenda naye. Huyo ndiye aliyesimama mbele ya umati akasoma kwa sauti yake mwenyewe kwamba baba harudi nyumbani kwa masharti. Watu wakashangilia. Mimi kila nikiisoma habari hiyo namtazama yeye.

Baba yangu naye alifungwa kwa ajili ya siasa. Nchi sitaitaja, baadhi ya wahusika bado wapo. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, wakamletea karatasi ya kuwakana wenzake, akakataa kuisaini. Basi.

Mama alikuwa mshonaji. Watu hudhani familia ya mfungwa wa siasa inateswa na askari. Kwetu askari walikuja mara chache. Waliotuumiza ni wateja. Vitambaa walikuwa wameshavileta, magauni yameshashonwa na kupigwa pasi, yananing'inia kwenye waya ukutani, na hakuna aliyekuja kuchukua lake. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa kuonekana wakiingia mlango wetu. Mwingine alikuwa ameshalipa nusu, akaona heri hiyo nusu ipotee. Mama aliyatunza muda mrefu, anayageuzageuza yasishike vumbi, maana fundi haligusi gauni la mteja. Sisi tunakua, nguo zinatubana. Usiku mmoja akashusha gauni la kwanza, akachukua wembe, akaanza kulifumua mshono mmoja mmoja, na uzi anauzungusha kidoleni ili nao utumike tena. Nguo zetu zote za miaka ile zilitoka kwenye waya ule. Nimetembea mtaani nimevaa kitambaa cha mwanamke aliyekuwa akiniona anavuka upande wa pili, na yeye anakitambua.

Baba alipotoka nilikuwa msichana mkubwa. Wageni walijaa nyumbani, wengine ni walewale wateja, na mama akawakaribisha wote. Siku moja wageni wameondoka, baba akatutazama akasema, na alikuwa anasema kwa moyo mweupe kabisa, "Nilifanya yote kwa ajili yenu."

Mama alikuwa anakata kitambaa. Hakuinua macho wala hakusimamisha mkasi. "Hukutuuliza."

Baba akavuta kiti, akakaa. "Ningekuuliza, ungekubali?"

"Ningekubali," mama akasema. "Ndiyo maana inaniuma."

Mwalimu, ningekuwa na huyo mwanafunzi mbele yangu ningemwambia hivi. Umeona sawasawa: kilicho cha mama yako si chako kukitoa. Lakini mama yako anaweza kukitoa mwenyewe. Baba yangu alikuwa na mwenzake ndani ya nyumba, mtu ambaye angeingia kwenye vita vile kwa miguu yake, yeye akamwacha nje ya mlango akidhani anamlinda. Magauni yangekuwa yaleyale, na njaa ileile. Lakini mama angeufumua ule mshono wa kwanza akiwa mpiganaji. Aliufumua akiwa mtu aliyepatwa na jambo.

Mwalimu unauliza ningetoa nini. Kazi, nyumba, jina zuri, miaka yangu mwenyewe. Nisichoweza ni kutoa siku za mtu mwingine bila yeye kujua, halafu baadaye nimwambie nilikuwa namnunulia uhuru.

Msoma Kumbukumbu amejibu:

Dada, pole sana, na shikamoo yangu imfikie mama kama yupo. Ninalolisema nalisema kwa heshima. Bei ile aliipanga nani? Si baba yako.

Harriet Jacobs alizaliwa utumwani, Edenton, North Carolina, mwaka 1813. Daktari mwenye nyumba alimokuwa akitumikishwa alimsumbua kimapenzi tangu akiwa binti mdogo. Alipotoroka mwaka 1835, yule daktari alifanya nini? Aliwatupa jela watoto wake wawili wadogo, pamoja na kaka yake na shangazi yake, ili wamtaje aliko. Watoto hawakutoa chochote na hawakuulizwa. Walichukuliwa mateka. Sasa tukisema kila anayetaka kuwa huru apate kwanza ridhaa ya walio karibu naye, tunampa mkandamizaji kazi nyepesi: awatishe akina mama tu, na harakati zote zimekwisha.

Na kuna jambo jingine. Jacobs hakwenda mbali. Alijificha kwenye upenu wa paa la stoo kwa bibi yake, nafasi yenye urefu wa futi 9 na upana wa futi 7, palipoinuka zaidi hapazidi futi 3. Akakaa humo karibu miaka saba, mpaka 1842 alipopata njia ya kwenda kaskazini. Alitoboa vitundu kwenye ubao, akawa anawaona watoto wake wakipita chini. Baba yao alikuwa ameshawanunua kwa siri kupitia dalali, nao wakaishi hapohapo kwa bibi. Kwa muda mrefu hawakuambiwa kwamba mama yao yuko juu ya vichwa vyao. Angewaambia, neno moja la mtoto michezoni lingewaangamiza wote. Wakati mwingine kutomwambia mtu ndiyo kumpenda. Huenda baba yako aliwaza hivyo.

Mpita Njia amejibu:

Naongeza dogo. Haiti walipata uhuru 1 Januari 1804 kwa damu. Mwaka 1825 mfalme wa Ufaransa akapeleka manowari na madai ya faranga milioni 150, ili kuwafidia waliokuwa mabwana wa watumwa. Waliokuwa watumwa wawalipe waliowatumikisha! Mwaka 1838 deni likapunguzwa kuwa milioni 90, na mikopo waliyoichukua ili kulilipa iliendelea kuwakamua mpaka 1947. Waliokuwa wakilipa miaka ya mwisho walikuwa wajukuu wa wajukuu. Hao nani angewauliza?

Binti wa Mshonaji amejibu:

Ndugu Msoma Kumbukumbu, mama yupo, salamu zimefika. Nimemsomea jibu lako, naye amesema hivi: mwambie huyo kaka lawama ya magauni hatujawahi kumpa baba yenu. Tunakubaliana nawe moja kwa moja kwamba anayepanga bei ni anayefunga. Hilo lisipotangulia, mazungumzo haya yote yanageuka kuwalaumu waliofungwa, na sitaki niwe nimefungua mlango huo.

Lakini umemleta Jacobs nami namjua, kwa hiyo ngoja tumtazame vizuri. Stoo ile ilikuwa ya nani? Ya bibi yake. Chakula kilipandishwa na nani usiku? Bibi, shangazi, mjomba. Kila mmoja wao alijua kitakachompata wakigunduliwa. Hao waliulizwa, wakakubali, na bila wao asingefika hata mwezi mmoja. Halafu kuna yule mwanawe wa kiume. Baadaye kabisa, mama yake alipomfunulia siri, mtoto alimwambia kwamba aliwahi kusikia mtu akikohoa huko juu, akahisi ni mama yake. Hakumwambia mtu. Akimwona dada yake akicheza na wenzake upande ule, anamvutia upande mwingine. Mtoto yule! Hakuambiwa, lakini alipojua kidogo tu akaingia kazini mwenyewe. Nikifikiria hilo nakumbuka maswali ambayo mimi na kaka zangu tulikuwa tunayameza ili mama asilie, tukidhani kunyamaza ni utii. Tungejua kwamba ni ulinzi tungenyamaza tukiwa tumeinua kichwa.

Kuhusu ridhaa, mimi sikusema kuomba ruhusa. Kuuliza ni kumpa mtu habari ya jambo litakalomfika, na nafasi ya kusema lake. Akishasema, uamuzi bado ni wako. Harriet Tubman, naye mtumwa wa Marekani, alipotoroka mwaka 1849, mumewe John alikuwa mtu huru, na inasimuliwa kwamba hakutaka kwenda naye. Alikwenda hivyohivyo. Mwaka 1851 akarudi kumfuata, akakuta ameoa mwanamke mwingine. Akachukua watu wengine waliokuwa tayari, akawavusha, na akaendelea kurudi kwa wengine kwa miaka iliyofuata, mpaka waliovuka kwa mkono wake wakafika kama 70. Jibu la mumewe halikumsimamisha. Lakini John hakuamka siku moja akakuta maisha yake yameamuliwa na mtu mwingine wakati amelala. Alijua, akachagua lake, na mkewe akachagua lake.

Na siri za kazi ni jambo jingine kabisa. Baba hakupaswa kumwambia mama majina wala mahali pa mikutano. Angemweka hatarini bure, hapo uko sahihi. Ila kusema "kuna karatasi wameniletea, sitaisaini, na huenda nisirudi" hakumfichui mtu yeyote. Ni maneno ambayo askari walikuwa wameshayajua. Mke ndiye aliyekuwa hayajui.

Ndugu Mpita Njia, la Haiti limenilemea. Ambao hawajazaliwa huwezi kuwauliza. Ila ukiniuliza ni nani aliyewatia deni wale wajukuu, sitawataja waliopigania 1804. Nitazitaja zile manowari.

Msimamo Mmoja amejibu:

Dada, nimesoma yote mawili. Kuhusu uhai bado nasimama palepale. Ila sikuwahi kufikiria nani alikuwa ameshika ile karatasi pale Jabulani, na nimeitumia habari hiyo miaka mingi. Mama yenu apewe heshima zake.

Mwalimu wa Historia amejibu:

Nawashukuru nyote. Dada, naomba ruhusa ya kuwasomea wanafunzi habari ya magauni, bila kitu chochote cha kukutambulisha. Kama hupendi, niambie tu.

Nimebadilisha zoezi la kipindi kijacho. Karatasi itakuwa na mistari miwili: natoa nini, na hicho ni cha nani pamoja nami. Kwa anayetaka, kuna mstari wa tatu wa kujazwa nyumbani baada ya kumuuliza mwenyewe. Simlazimishi mtu, maana zipo nyumba ambamo swali lenyewe ni hatari kwa mtoto, na mwalimu hajui ni zipi. Mwenye mwandiko mdogo hajajitaja na sitamtafuta.

Ndugu Msoma Kumbukumbu, nataka nichore ile nafasi ya Jacobs sakafuni kwa chaki, futi 9 kwa 7, na juu nifunge kamba kwenye futi 3, kila mmoja aingie alale humo kidogo kabla hatujaanza kuzungumza. Je, ule urefu wa futi 3 ulikuwa sawasawa kote?

Binti wa Mshonaji amejibu:

Ruhusa unayo, Mwalimu. Mama anasema usisahau kuwaambia kwamba wale wateja baadaye walirudi, na aliwashonea.

Msoma Kumbukumbu amejibu:

Mwalimu, hapana. Futi 3 ni upande mmoja tu. Paa lilishuka kwa ghafla kuelekea upande wa pili. Alikuwa analala kwa ubavu mmoja, na akijaribu kugeukia ubavu wa pili anagonga paa. Kamba iliyonyooka haitawaonyesha hilo. Tafuta ubao mpana uuegemeze, upande mmoja ukae kwenye futi 3 na mwingine uguse sakafu, na uzibe mwanga.